Tuirudishe hadhira kwenye taarab asilia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie taarab asilia hapa Unguja, hasa dhana inayozidi kuenea kwamba onesho likisharekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti, kazi ya kuihifadhi sanaa hii imekwisha. Faida za rekodi hizo sizikatai. Mzanzibari aliyeko Muscat au London anazipata nyimbo alizolelewa nazo, na sauti za waliotangulia mbele ya haki, akiwemo Bi Kidude aliyefariki mwaka 2013, zimebaki nasi. Ninachopinga ni kuichukua rekodi kuwa ndiyo taarab yenyewe.

Aliyewahi kuhudhuria taarab anajua kwamba wimbo haumalizikii kinywani mwa mwimbaji. Ubeti unapomgusa, mama huinuka kitini, akajongea jukwaani taratibu kwa kufuata mdundo, noti mkononi, akamtunza mwimbaji, kisha akarudi alipokaa. Waliobaki hawahesabu fedha. Wanaangalia ni nani aliyeinuka, ameinuka katika mshororo upi, na alipokuwa akipita alimtupia nani jicho. Maneno ya mtunzi yamefumbwa kwa makusudi na hayamtaji mtu, na ndiyo maana yanaweza kubeba ugomvi wa wake wenza, malalamiko ya jirani au mapenzi yasiyotamkika, kutegemea nani ameyachukua usiku huo. Huenda mtunzi aliyaandika kabla ya huyo anayetunza kuzaliwa. Kamera iliyoelekezwa kwa mwimbaji haiyaoni hayo, na hata ikiyaona, mtazamaji wa mbali hajui ni akina nani ukumbini humo hawasemezani.

Wapo wanaosema kwamba siku hizi mtu anaweza kumtunza msanii kwa kumtumia fedha kwa simu. Huo ni msaada mwema na wasanii wetu wanauhitaji, lakini ni tunzo isiyo na mashahidi, na tunzo ya namna hiyo haiwezi kumjibu hasimu wala kumpa ishara mpenzi.

Sisemi kwamba mashine ndiyo adui. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na santuri hizo zikaenea pwani yote. Lakini gramafoni ilikuwa kitu cha ghali, ikasikilizwa na watu waliokusanyika, na Siti mwenyewe hakuacha kuwaimbia watu nyumbani kwake katika mitaa ya Ng'ambo, hapa mjini Unguja. Simu, pamoja na vile vidude vya kuziba masikio, imetuzoesha jambo ambalo santuri haikulileta, nalo ni kusikiliza taarab peke yako.

Kwa wanaotaka kupiga ala, hasara ni kubwa zaidi. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, kwa kawaida tatu kwa kila sauti, na pembeni ina vishikizo vidogo vya chuma vinavyopandisha au kushusha sauti kwa kiasi kidogo kuliko hatua yoyote iliyomo kwenye kinanda. Kijana anaweza kuangalia video usiku kucha akajua kidole kinapita wapi, lakini video haitamwambia kwamba sauti yake imepanda kidogo mno, wala haitamsubiri avute pumzi pamoja na mpiga fidla aliye ubavuni pake. Vikundi vyetu vikongwe, kikiwemo Nadi Ikhwan Safaa cha tangu mwaka 1905, vimelea wapigaji kwa kuwakalisha wadogo pamoja na wakubwa katika mazoezi, na chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimekuwa kikifundisha ala hizi ana kwa ana. Njia hiyo ni ya polepole, nami sijaona iliyo fupi zaidi.

Kwa hiyo ninaviomba vikundi vya taarab asilia vitangaze jioni za mazoezi na kuacha mlango wazi kwa yeyote anayetaka kuketi na kusikiliza. Wenye harusi nao wamwachie mpigapicha mmoja kazi ya kurekodi na kuwaomba wageni watie simu mikobani, maana mkono ulioinua simu hauwezi kupiga makofi, na anayechungulia kioo kidogo humwoni akicheka fumbo.

Wahusika wa utamaduni pia waangalie suala la kumbi na kiingilio. Maonesho mengi ya taarab asilia siku hizi hufanyika hotelini mbele ya watalii, ambao wanaipenda sauti ya udi lakini ubeti unawapita. Siwalaumu wao wala wasanii wanaotafuta riziki. Ninachoomba ni kwamba, mbali na hayo ya hotelini, pawepo onesho la kila mwezi katika ukumbi wa umma, kwa bei ambayo muuza mboga wa Darajani anaweza kuimudu, na tarehe zake zitangazwe redioni mapema ili wanaotoka shamba wapate usafiri wa kurudi.

Mpenzi wa taarab asilia,
Unguja