Barua ya wazi kwa vijana wa bendi mliomaliza Kidato cha Sita

Wanangu, salamu nyingi kutoka kwa mzee wenu.

Nimesikia mmegombana. Mmoja kapangiwa chuo Dodoma, mwingine Mbeya, mpiga dramu kapata kazi dukani kwa mjomba wake, na sasa kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole kwamba ndiye anayeiua bendi. Nimeambiwa pia kuna aliyesema kwamba ikiwa bendi inakufa, basi miaka yote ile mlikuwa mnapoteza muda. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa kuwa mnapiga nyimbo za dini kwa magitaa ya umeme, nitawasimulia habari za wenzenu wa dini nyingine. Mwaka 2001, pale Yeshiva University, chuo cha Kiyahudi kilichoko New York, wanafunzi wanne walianzisha bendi ya roki wakaiita Blue Fringe, yaani Pindo la Buluu. Fungueni Hesabu 15:38 mtaukuta ule uzi wa buluu wa kwenye pindo za vazi. Chuo chenyewe si cha mchezo: mwanafunzi anasoma Talmudi, vile vitabu vya sheria na mafundisho ya Kiyahudi, halafu ana masomo ya digrii kama chuo kingine chochote. Bendi ilibidi ijitafutie nafasi humo humo.

Sasa angalieni biashara ilivyo. Usiku wa Ijumaa ndio wenye hela. Lakini Myahudi anayeishika Sabato, tangu kabla ya jua kuzama Ijumaa hadi nyota zitoke Jumamosi, hawashi amplifaya wala haendeshi gari. Mwezi Desemba si taabu sana, maana New York Jumamosi saa kumi na mbili jioni Sabato imeshaisha, unabeba vyombo unakwenda kupiga. Mwezi Juni inaisha baada ya saa tatu usiku. Hadi mfike ukumbini, mfunge nyaya na kujaribu maiki, saa tano hiyo. Ongezeni majuma baada ya Pasaka yao ambayo desturi inazuia muziki, na majuma matatu mengine ya maombolezo wakati wa kiangazi. Nanyi mliniletea mashtaka kwamba paroko kawanyima dramu wakati wa Kwaresima!

Katika nafasi hiyo finyu walitoa albamu tatu: 2003, 2005 na 2007. Mistari ya sala waliipigia roki, na waliweza kujicheka. Wana wimbo kuhusu vijana wa kwao wanaomaliza sekondari, wanakwenda mwaka mmoja Israeli kusoma dini, wanarudi wamebadilika hadi wazazi hawawatambui. Huo mimi naupenda kuliko yote, kwa sababu hauhubiri. (Ninyi kila wimbo una mahubiri. Nimeshawaambia.) Baada ya hapo maisha yakawatawanya, kama yanavyowatawanya ninyi sasa.

Na wao hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1975, katika Mlima Sayuni, Yerusalemu, wanafunzi wa Diaspora Yeshiva (yeshiva ni chuo cha dini cha Kiyahudi), wengi wao vijana wa Kimarekani waliokuwa wameirudia dini, walianzisha Diaspora Yeshiva Band. Walichanganya roki na fidla na banjo za mashambani kwao Marekani, wakaziimbia zaburi. Jumamosi usiku, Sabato ikishatoka, watu walipanda mlimani kuwasikiliza karibu na kaburi la Daudi. Walishinda Tamasha la Nyimbo za Kihasidi (Wahasidi ni Wayahudi wa madhehebu yenye kupenda sana nyimbo) mwaka 1977, wakashinda tena 1978. Mwaka 1983 bendi ikavunjika.

Kwa hesabu ya yule mwenzenu, hao nao walipoteza muda. Basi sikilizeni. Mmoja wao, Ben Zion Solomon, alilea watoto wake katika kijiji cha Mevo Modi'im, kijiji cha mwimbaji Shlomo Carlebach. Wanawe, pamoja na rafiki waliyekua naye hapo kijijini, Duvid Swirsky, waliunda Moshav Band, wakaipeleka hadi Los Angeles. Mwana mwingine, Noah, yumo katika bendi ya Soulfarm. Na Swirsky huyo baadaye akakutana na Dov Rosenblatt, mwimbaji wa Blue Fringe, wakaunda kundi jingine na mwenzao wa tatu, Distant Cousins. Hakuna aliyepanga hayo siku bendi ya Mlima Sayuni ilipovunjika. Lakini ilikuwa imerekodi, na watu wake bado walikuwa wanasalimiana.

Kwa hiyo acheni kubishana nani kaiua. Bendi ya shule haiwezi kuishi kuliko shule yenyewe miaka mingi, isipokuwa kwa bahati. Kabla Mbeya na Dodoma hazijawachukua, rekodini zile nyimbo saba mlizotunga wenyewe. Msirekodi zile za kuiga. Studio ya mtaani inatosha, maadamu gitaa limetiwa sauti sawasawa. La besi lilikuwa chini Jumapili iliyopita, na wote mlijua. Andikeni kwenye karatasi nani katunga nini, mtie saini wote wanne, kila mtu abaki na nakala yake. Wimbo ukija kupendwa miaka kumi ijayo, karatasi hiyo ndiyo itakayowaokoa msipelekane mahakamani.

Na lile gitaa la besi ni mali ya parokia. Lirudisheni kabla ya mwisho wa mwezi, na nyaya zake zote mbili.

Mzee wenu.