Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kampeni Zetu na Kalenda ya Himaya

Ndugu wanachama,

Mapato, matumizi na orodha ya mali za chama atavisoma mweka hazina, nami sitavirudia. Taarifa yangu inahusu jambo moja: namna meza zetu hapa Tanga zinavyoendesha kampeni za Traveller, yaani mifululizo ya vikao vya hadithi moja, ndani ya historia ambayo tayari imeandikwa, na utaratibu ambao kamati inaomba kila refa aufuate mwaka ujao.

Kwa waliojiunga karibuni: Traveller ni mchezo wa kuigiza mezani uliotolewa mwaka 1977 na kampuni ya Marekani, Game Designers' Workshop, na mtunzi wake ni Marc Miller. Hauhitaji dadu za ajabu. Dadu mbili za pande sita, hizihizi za ludo zinazouzwa Ngamiani, zinatosha. Jumla ikifika 8, jambo lako limefanikiwa. Anayeongoza kikao huitwa refa. Ugumu wake uko kwenye ulimwengu wenyewe. Himaya ya Tatu, dola ya kubuni iliyotanda kati ya nyota, ina historia yenye tarehe, vita, na majina ya waliouawa, na baadhi ya wachezaji wetu wameisoma kuliko marefa wao.

Vitabu vingi huanzia mwaka 1105 wa Himaya, katika sekta ya mpakani iitwayo Spinward Marches. Katikati ya 1107 Wazhodani, dola jirani na hasimu wa Himaya, wanavuka mpaka na Vita vya Tano vya Mpakani vinaanza, vinamalizika 1110. Siku ya 132 ya mwaka 1116 Kaizari Strephon anauawa na Dulinor, mmoja wa watawala wakuu wa majimbo, na Himaya inagawanyika. Mwaka 1130 inaachiwa Virus, programu haribifu inayojitambua, na ustaarabu unaporomoka. Hizi ndizo nguzo. Kalenda yenyewe ni nyepesi kwa sababu haina miezi: siku 365, ya 001 ni sikukuu isiyohesabiwa ndani ya wiki yoyote, zinazobaki ni wiki 52 kamili. Tarehe huandikwa 132-1116. Refa asijisumbue kuigeuza iwe Mei. Akishaanza kutafsiri miezi, kutoa na kujumlisha siku kunamchanganya, na hesabu ya safari inaharibika kabla ya kikao cha tatu.

Kosa linalojirudia zaidi ni refa kuchagua 1105 kwa kuwa kitabu kimesema hivyo, huku moyo wake uko kwenye vita. Tupige hesabu. Meli ndogo ya biashara, ya tani 200, huruka paseki moja (kipimo cha umbali wa angani, miaka ya mwanga 3.26 hivi) kwa mruko, yaani hatua moja ya safari kati ya nyota. Mruko huchukua saa 168 hivi, ikizidi au kupungua asilimia 10, yaani wiki moja, na wiki nyingine huishia bandarini kwa kuuza, kupakia na kutafuta abiria. Kila mwaka wiki 2 hukatwa kwa matengenezo. Inabaki miruko 25 kwa mwaka. Kutoka 001-1105 hadi katikati ya 1107 ni miruko kama 62. Meza inayocheza mruko mmoja kila kikao, kikao kimoja kwa wiki, itaufikia mlio wa kwanza wa mzinga baada ya mwaka na zaidi, na hakuna meza inayodumu hivyo bila wachezaji kupungua. Anayetaka vita aanzie 001-1107: miruko 13, takribani miezi mitatu ya vikao, muda unaotosha wachezaji kupata deni, rafiki na adui kabla mambo hayajachafuka. Anayetaka biashara tulivu ndiye wa 1105.

Sasa nije kwenye kiini. Katika ulimwengu huu hakuna simu wala redio inayopita kasi ya mwanga. Habari husafiri ndani ya meli tu, kama zamani pwani yetu ilipongoja kaskazi ilete majahazi ndipo ijulikane huko Arabuni kumetokea nini. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kitabuni ni tarehe ya tukio, na refa anachohitaji mezani ni tarehe ya kusikika. Anayezichanganya hizi mbili anaua kampeni bila kujua: wachezaji wako Regina, sayari ya Spinward Marches iliyo mbali na makao ya Kaizari, kitabu kinasema Kaizari ameuawa siku ya 132, refa anatangaza msiba siku hiyohiyo. Papo hapo umbali wote wa Himaya umefutika, na pamoja nao sababu ya kuwepo kwa maboti ya barua, matarishi na majasusi.

Hesabu yake iko hivi. Barua rasmi hubebwa na maboti ya tani 100 yanayoruka paseki 4 kwa mruko. Boti hizo hazina injini ya mwendo wa kawaida; zikitokea upande wa pili zinarusha ujumbe kwa redio kwa boti nyingine iliyokwisha kujazwa mafuta, nayo inaruka, huku ile ya kwanza ikisubiri meli ya huduma kuiokota. Hesabu basi paseki 4 kwa wiki. Kwa kuwa njia za boti huzunguka kufuata vituo, meza zetu huongeza wiki moja kwa kila kumi. Kutoka Capital, makao ya Kaizari, hadi Regina ni paseki 130 hivi kwenye ramani. Hiyo ni miruko 33, ukiongeza 3 ni wiki 36, yaani siku 252. Habari ya 132-1116 inafika Regina 019-1117. Mwaka umeshageuka.

Lakini jeshi la wanamaji lina meli za matarishi zinazoruka paseki 6. Hizo zinahitaji miruko 22, siku 154, na hazifuati njia ya boti. Mtawala wa Regina anajua tangu 286-1116. Kati ya siku hiyo na 019-1117 kuna wiki 14 ambamo ikulu inajua na soko halijui. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kampeni nzuri kuliko vita yenyewe. Meli za kivita zinaitwa bandarini bila maelezo, mikopo inasitishwa, ofisa anayefahamiana na wachezaji anakataa kuonekana, mtu anawalipa mara mbili ya nauli ili aondoke usiku. Refa hahitaji kutunga njama. Anahitaji kujua nani amesikia.

Na wachezaji wenyewe wawe wapi? Meli yao inakwenda paseki moja kwa wiki mbili, boti ya barua inaipita mara nane, kwa hiyo kwenye njia kuu hawatawahi kuitangulia habari. Wakitoka nje ya njia ya boti, kwenda sayari ndogo zisizo na kituo, wao ndio wanaoibeba. Hapo bei bado ni za jana. Mchezaji mwerevu atanunua vipuri na mafuta kwanza, ndipo aongee. Refa amruhusu, ameustahili ujanja wake.

Ili haya yawezekane, kila refa anunue kaunta buku moja na kuipiga mistari ya safu nne: tarehe ya tukio, mahali, tarehe ya kusikika pale walipo wachezaji, na aliyeileta habari. Safu ya tatu iandikwe kwa penseli, kwani wachezaji wakihama sekta ndogo inabadilika. Matukio kumi hadi kumi na tano kwa mwaka wa mchezo yanatosha. Aliyejaza mia anaandika historia, haendeshi mchezo.

Kuna mtego mwingine kwenye kutengeneza wahusika. Mhusika huanza na miaka 18 na hutumikia kazini vipindi vya miaka minne minne kabla ya mchezo kuanza. Wengi hupenda kusema mhusika wao alipigana Vita vya Nne vya Mpakani, 1082 hadi 1084. Kwa kampeni ya 1105, vipindi vitano havitoshi: huyo ana miaka 38, alitimiza 18 mwaka 1085, vita vimekwisha. Anahitaji vipindi sita, umri 42, na njiani atakuwa amerusha dadu za uzee, zinazoamua kama mwili umedhoofika, akiwa na 34, 38 na 42. Ukongwe wa vita una bei yake, na ni haki. Refa akague hili kabla ya kikao cha kwanza. Likigunduliwa katikati, mchezaji huwa ameshajenga tabia yote ya mhusika juu ya vita asivyoweza kuviona.

Kuhusu matoleo yanayopingana, tusipoteze jioni kubishana. Toleo la New Era la 1993 linaanzia miaka ya 1200, baada ya maporomoko. Milieu 0 ya 1996 inarudi mwanzo wa Himaya. Lile la GURPS, mfumo mwingine wa kanuni za michezo ya kuigiza, la 1998 lilichukua mkondo ambao Dulinor anakufa kabla ya kumfikia Kaizari, hivyo mauaji hayatokei kabisa. Ikiwa wachapishaji wenye leseni walikata tawi jipya, na meza yetu inaweza. Kinachotakiwa ni refa kutamka siku ya kwanza: nguzo zimefungwa, au ziko wazi kuanzia tarehe fulani. Mimi napendelea ziwe wazi, kwa kuwa aliyesoma vitabu vyote anakosa cha kutamba nacho. Ila refa anayefungua nguzo asiendelee kusoma habari za kitabu baada ya tarehe hiyo, vinginevyo ataanza kuwasukuma wachezaji warudi kwenye reli bila wao kujua.

Ramani: kila sekta ndogo ina pembesita 8 kwa 10, kila moja paseki moja. Zilizo mtandaoni ni nzuri, lakini umeme ukikatika na simu zikaisha chaji kikao kinakufa, kwa hiyo chapisheni sekta ndogo yenu na zilizopakana nayo kabla. Karatasi tupu hujikunja kwa unyevu wa bahari na upepo wa kusi huzipeperusha. Stesheneri wanazifunika plastiki, na kalamu ya kufutika huandika juu yake.

Kamati inaleta kwenu kwa kura mambo mawili: kwamba kaunta buku ya safu nne iwe sharti kwa kampeni inayotumia vyumba vya chama, na kwamba mwaka ujao meza moja ianze 280-1116 ikiwa Regina. Marefa wanaoitaka meza hiyo waandikishe majina kwa katibu kabla ya kufungwa kwa mkutano huu.

Mwenyekiti