Barua ya Wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Kentucky: Wazee Wetu Wanauziwa Msaada wa Bure

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hapa Louisville, na kazi yangu ni kuwasindikiza wazee wa Kikongo hospitalini na kwenye maduka ya dawa. Nakuandikia kukuomba uzichukulie hatua kampuni zinazowatoza ada kwa msaada wa gharama za dawa ambao wangeupata bila malipo.

Mzee hupigiwa simu na kuahidiwa kwamba dawa zake za kisukari au presha zitashuka bei mno, iwapo atajiunga na mpango fulani kwa ada ya kila mwezi inayokatwa kwenye akaunti yake ya benki. Baada ya hapo kampuni hiyo hujaza tu fomu za mipango ya msaada ya watengenezaji wa dawa, fomu ambazo mgonjwa mwenyewe, kwa kusaidiwa na kliniki yake, angezijaza bila kulipa hata senti. Saini ya daktari bado anaitafuta yeye, uthibitisho wa kipato bado anauleta yeye, na hata mtengenezaji akilikataa ombi, ada huendelea kukatwa. Wako wengine wasiojaza fomu yoyote. Hao wanachotaka ni namba ya Medicare, yaani bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, na akaunti ya benki, na wakishazipata, mzee akiwapigia simu hawapokei tena.

Linaloniuma zaidi ni kwamba baadhi ya wanaolipa ada hizo tayari wana haki ya nafuu wasiyoijua. Mwenye Medicare na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kwa pamoja huingizwa katika Extra Help, mpango wa serikali wa kupunguza gharama za dawa, bila hata kuomba, na kwa mwaka 2025 mpango huo uliweka kikomo cha dola 4.90 kwa dawa isiyo na jina la kibiashara na dola 12.15 kwa yenye jina hilo. Asiye na Medicaid lakini mwenye kipato kidogo huomba kupitia ofisi ya Social Security, ambayo haitozi chochote na humpatia mkalimani bure. Kila aina ya insulini inayolipiwa na Medicare nayo haizidi dola 35 kwa mwezi tangu mwaka 2023. Washauri wa SHIP, mpango wa ushauri wa bure kuhusu Medicare, waliopo katika kila jimbo, humweleza mtu haya yote bila kumuuzia kitu.

Huenda ukajiuliza, Mheshimiwa, inakuwaje mtu mzima ampe namba zake mtu asiyemwona. Wengi wa wazee hawa waliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, ambako mgao wa chakula na hata safari ya kuja Marekani vilitegemea kuandikishwa, kupewa namba na kuitaja kila ulipoulizwa. Aliyeuliza namba ndiye aliyekuwa na msaada. Nidhamu hiyo iliwavusha kambini, na leo anayepiga simu kwa Kiswahili fasaha akijidai anatoka serikalini anajua vizuri namna ya kuitumia.

Sheria ya Kentucky ya kuwalinda walaji inaipa ofisi yako uwezo wa kuwafungulia mashtaka wanaohadaa wateja. Tunaomba itumike kuzibana kampuni hizi zirudishe fedha zilizochukuliwa kwa hila, na zimweleze mteja, kabla hajatoa akaunti yake, kwamba fomu ni za bure. Tunaomba pia onyo la sauti kwa Kiswahili, kwa kuwa wazee wengi hawasomi lakini husikiliza ujumbe wa WhatsApp unaotumwa na watoto wao. Liseme kwamba Medicare haimpigii mtu simu ghafla kumdai namba yake, kwamba hakuna ofisi ya serikali inayolipwa kwa kadi za zawadi, na kwamba wa kuulizwa kwanza ni mfamasia au kliniki. Lieleze pia taarifa za mlalamikaji zinatumiwaje na ofisi yako, maana wapo wanaonyamaza kwa hofu kwamba kulalamika kutaathiri karatasi zao za uhamiaji.

Mimi na wakalimani wenzangu tuko tayari kulitafsiri na kulirekodi onyo hilo kwa kujitolea, na kuwasindikiza hadi ofisini kwako wazee watakaokubali kueleza yaliyowapata na kuonyesha taarifa zao za benki.

Kwa heshima,
Mkalimani wa jamii, Louisville