Barua kwa mwanangu: miwani, lenzi na darubini ya nyota

Mwanangu mpendwa Rehema,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Huku Tanga sote ni wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Nimefurahi kusoma habari za kikundi chenu cha kutazama nyota na jinsi mnavyotoka nje ya mji wa Dodoma katika usiku usio na mbalamwezi ili kuzikwepa taa. Umeniuliza jambo moja, nami nimeona nikujibu kwa barua kamili badala ya ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu linahusu macho yako, na miaka yangu ya uuguzi katika kliniki ya macho imenifunza kutoyajibu mambo ya macho kwa haraka. Unasema kwamba miwani inakuzuia unapoishika darubini ya macho mawili, kwamba mwenzako mmoja amekushauri uivue, na mwingine amekushauri ununue lenzi za kuvaa ndani ya macho. Kila mmoja ametoa ushauri unaolifaa jicho lake. Lako bado halijaulizwa.

Chukua cheti chako cha miwani ukisome. Penye herufi SPH imeandikwa -2.25, na penye CYL imeandikwa -1.50. Namba ya kwanza inaeleza kwamba huoni mbali, na hiyo darubini inaweza kuirekebisha yenyewe, kwani gurudumu la katikati husogeza vioo hadi picha ikae sawasawa na jicho lako. Mtu ambaye tatizo lake ni hilo peke yake anaweza kuivua miwani bila hasara yoyote, mradi gurudumu la darubini yake linazunguka vya kutosha. Nadhani huyo ndiye mwenzako wa kwanza. Namba ya pili ni habari nyingine. Inaonyesha kwamba konea yako, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, haikupinda kwa kiasi kilekile katika kila upande. Kwa hiyo nuru inayopita upande mmoja hukutana mahali tofauti na nuru inayopita upande mwingine. Wataalamu huita hali hiyo astigmatizimu. Gurudumu la darubini haliwezi kuiondoa, hata ulizungushe usiku kucha: ukiipata nyota upande huu, itanyooka kama mstari upande ule, na mahali pazuri kabisa utakapopapata ni pale katikati, ambapo nyota inafanana na msalaba mdogo.

Huenda ukasema kwamba mchana, hata bila miwani, darubini hiyohiyo inakuonyesha ndege mtini vizuri tu. Ni kweli, na sababu yake inafaa kueleweka. Mchana mboni ya jicho hubana hadi milimita mbili au tatu, nayo nuru hupita katikati tu ya konea, ambapo kasoro haina nafasi kubwa ya kujionyesha. Usiku, katika umri wako, mboni inaweza kufunguka hadi milimita saba. Darubini yako ni ya 10x50, yaani inakuza mara 10, na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 50. Gawanya 50 kwa 10, utapata kwamba mwali unaoingia kila jicho una upana wa milimita tano. Mwali mpana kiasi hicho huipitia sehemu kubwa ya konea pamoja na kasoro zake zote. Darubini ya 7x50, ambayo watu wengi huisifu kwa usiku, hutoa mwali wa milimita saba, na kwa jicho kama lako ingeonyesha mikia mirefu zaidi. Isitoshe, nyota ni nukta, na hakuna kitu kinachofichua kasoro ya jicho kama nukta ya mwanga mbele ya giza.

Usiniamini kwa maneno matupu; jaribu mwenyewe. Vua miwani, fumba jicho moja, na uitazame Antares, ile nyota nyekundu iliyo katikati ya kundinyota la Nge, kwa upande mmoja wa darubini. Kichwa chako kikiwa kimetulia, izungushe darubini taratibu huku upande ule unaotazamia ukibaki mbele ya jicho. Mkia wa nyota ukibaki ulipo, kasoro ni ya jicho. Ukizunguka pamoja na darubini, kasoro ni ya chombo.

Napenda ujue kwamba dawa ya tatizo hili ilitafutwa na mtu wa nyota. Thomas Young, daktari na mwanasayansi wa Uingereza, alieleza mwaka 1801 jinsi alivyoigundua kasoro hiyo katika jicho lake mwenyewe, lakini hakuitengenezea miwani. George Airy, aliyekuwa kijana msomi wa Cambridge, aliona kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa karibu halimsaidii kitu. Alichukua kadi yenye kitundu kidogo, akakitazama kwa jicho hilo, akaona kwamba nukta ya mwanga inageuka mstari, na kwamba mwelekeo wa mstari huo unabadilika kadiri anavyoisogeza kadi. Kutokana na vipimo hivyo alikokotoa umbo la kioo alichohitaji, na mwaka 1825 alikuwa amekwisha kutengenezewa lenzi ambayo upande wake mmoja ulichongwa kwa mpindo wa silinda. Ndiyo maana hadi leo cheti chako kina herufi CYL. Mwaka 1835 Airy aliteuliwa kuwa mwanafalaki mkuu wa ufalme wa Uingereza, akakiongoza kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich hadi mwaka 1881. Kila ninapomvalisha mtoto miwani ya aina hiyo kliniki humkumbuka, na sasa nitamkumbuka zaidi kwa ajili yako.

Basi shauri langu ni kwamba usiivue miwani. Kinachokuzuia, kwa jinsi ulivyonieleza, ni kwamba unaona duara dogo tu katikati na pembezoni ni giza. Hilo linatokana na umbali ambao jicho linapaswa kukaa nyuma ya darubini ili lione duara lote la anga. Darubini nyingi za bei nafuu hutaka jicho liwe karibu sana, pengine milimita kumi tu, ilhali miwani peke yake hukaa yapata milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho. Kwa mvaa miwani, tafuta darubini yenye umbali huo usiopungua milimita 15. Ikifika 17 au 18 utatazama kwa raha. Kabla ya hapo, angalia vikombe vya mpira vilivyo nyuma ya darubini mliyo nayo. Wasiovaa miwani huviacha vimesimama. Wewe unapaswa kuvikunja au kuvizungusha vishuke kabisa. Inawezekana tatizo lako lote ni hilo. Hakikisha pia kwamba ni mpira unaogusa kioo cha miwani, kwa kuwa chuma hukwaruza, na ufute vumbi kwanza.

Ukisharekebisha vikombe, linganisha macho yako mawili huku umevaa miwani. Ziba kioo cha mbele cha kulia, rekebisha jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati. Kisha ziba cha kushoto, na urekebishe la kulia kwa pete iliyo upande wake, bila kuligusa gurudumu tena.

Sasa nije kwenye lenzi za ndani ya macho, ambazo najua ndizo unazozitamani. Sizipingi. Lenzi hukaa juu ya konea yenyewe, kwa hiyo hakuna kioo kinachokutenga na darubini, hakuna ukungu wa pumzi, na duara lote la anga ni lako. Lakini kwa CYL yako hutahitaji lenzi za kawaida, bali zile zilizotengenezwa kwa ajili ya astigmatizimu, ambazo ni lazima zikae katika mwelekeo mmoja tu. Ukilala chali mkekani, au ukiinamisha kichwa kwa muda, zinaweza kugeuka kidogo na nyota zikaota mikia tena. Pepesa macho mara kadhaa na usubiri zirudi. Kupepesa kwenyewe mtu husahau anapokazia macho, na huko Dodoma kiangazi ni kikavu chenye upepo na vumbi. Lenzi ikikauka, picha hufifia, jicho linawasha, na mkono unapanda kulifikicha.

Hapo ndipo ninapoogopa, mwanangu. Nimewahudumia vijana walioingia kliniki wakiwa wamefunika jicho kwa kanga kwa sababu hawakuweza kustahimili hata mwanga wa dirishani. Katika maji ya bomba, ya kisima na hata udongoni kuna kijidudu kiitwacho Acanthamoeba, ambacho kikipata lenzi iliyosuuzwa kwa maji hayo kinaweza kuila konea kwa wiki na miezi, na wengine huishia kupoteza uwezo wa kuona. Kwa hiyo lenzi usizisuuze kwa maji wala kwa mate, hata mara moja. Zivae bwenini, baada ya kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha, kabla hamjaondoka. Ikianguka porini, usiirudishe jichoni. Vaa miwani yako, ambayo itakuwa mkobani kila safari. Mkirudi alfajiri mmechoka, zitoe kabla hujalala, hata kama usingizi umekuzidi. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likichukia mwanga, toa lenzi na uende hospitali siku hiyohiyo, na uende nazo pamoja na kikasha chake.

Jambo moja dogo kabla sijamaliza. Mwezi huu wa Juni, Omega Centauri iko juu upande wa kusini saa tatu za usiku, nayo haitakuwa nukta kali kwa miwani wala kwa lenzi. Ni mkusanyiko wa mamilioni ya nyota ulio umbali wa miaka ya nuru ipatayo 17,000, na kwa darubini yenu huonekana kama kifungu cha ukungu, basi usiyalaumu macho yako. Yapime kwa nyota zilizotawanyika karibu na mkia wa Nge, kundi ambalo Ptolemy, mwanafalaki wa kale wa Alexandria, aliliandika tangu karne ya pili. Zile zikisimama kila moja peke yake, ujue miwani na darubini vimepatana.

Cheti chako kinakaribia miaka miwili, kwa hiyo kapimwe upya kwanza, kisha unitumie namba zote tatu za kila jicho: SPH, CYL na ile ya AXIS, inayoonyesha mwelekeo wa CYL. Baba yako amekubali kuchangia darubini, ila usilipe mpaka muuzaji akuruhusu kuijaribu ukiwa umevaa miwani.

Mama yako anayekupenda.