Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa bwawa

Ndugu wanachama, salaam. Tumshukuru Mungu mwaka umeisha na maji hayajaingia ndani kwa mtu.

Kazi za kawaida mnazijua, tumefyeka tuta la bwawa mara mbili, tumezoa tope kwenye mdomo wa bomba, tumepanda nyasi za vetiva za kushika udongo pale ng'ombe walipokanyaga. Sirudii.

Naomba niongelee ishu ya kufungua valvu na kupunguza maji ya bwawa mwezi wa kumi maana najua watu bado wana kinyongo, hadi kwenye grupu imesemwa mwenyekiti kamwaga maji ya watu. Ndio, niliamua mimi, na leo ningeamua hivohivo. Hili bwawa tulilijenga likinge mafuriko ya korongo, sio kwa ajili ya bustani, sasa likiwa limejaa kabla ya mvua hayo maji mapya yatakaa wapi? Wenye nyanya mliumia, nililiona, na pole nawapa tena hapa. Lakini sisi ni watu wa Kilosa jamani, nani kasahau Januari 2010? Bwawa la Kidete lilibomoka, mto Mkondoa ukaingia majumbani, reli ya kati ikasombwa, watu wakaishi kwenye mahema. Tuta la udongo maji yakishapita juu yake yanalichimba kwa nyuma, na likianza kukatika hakuna wa kulizuia.

Usiku ule wa mvua kubwa nilikuwa kule juu na mtunza hazina na vijana watatu, tochi mbili. Maji yalipanda mpaka yakabaki viganja viwili kufika utoro, ile njia ya kutolea maji yanayozidi, na utoro wenyewe mnaujua umeshaliwa ukingo tangu masika. Chini ya tuta, upande wa mkuyu, maji yalikuwa yanatoka kwenye shimo la panya buku, nikayakinga na kopo nikamulika, yalikuwa masafi. Yangekuwa na tope maana yake tuta linaliwa ndani, na ningewagongea milango wote usiku huohuo.

Sasa ada. Tuko 64, ada ni 12,000 kwa mwaka, waliolipa ni 23, yaani 276,000, na 190,000 imeishia kwenye valvu na nyavu za bomba. Grisi na mafuta ya pikipiki kwenda ofisi ya maji ya bonde nimetoa mfukoni kwangu na sijadai. Mkutano wa mwezi wa saba tulifika 11, akidi haikutimia, halafu walewale ambao hawakuja ndio wanauliza kwanini hawakushirikishwa. Kwakweli inaniumiza. Na mnaolima hadi mguuni pa bwawa, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mkae mita 60 kutoka bwawani, nimeongea hadi nimechoka.

Mwakani Mungu akipenda tutajengea utoro kwa mawe, na wadau wakipatikana tutainua tuta kidogo.

Daftari na risiti nakuja nazo Jumapili baada ya ibada, anayetaka kuhesabu aje ahesabu.