Kaburi la mchimbaji lisilosema alikotoka

Mhariri,

Kila Novemba magazeti hukumbuka Vita Kuu ya Kwanza kwa habari za majenerali na mizinga. Mchimba migodi aliyekufa vitani chini ya ardhi hapati hata mstari. Mimi nimeishi kwa kazi ya mgodini, kusimika matimba, yaani nguzo za kushikilia dari, na kutoa kifusi, kwa hiyo naomba nafasi nimsemee mmoja wao.

Amelala Arras, kaskazini mwa Ufaransa, katika makaburi ya Faubourg d'Amiens. Binti yangu anaishi nchi hiyo, ndiye aliyenipeleka. Jiwe lake lina jani la kangaga, alama ya New Zealand, kisha namba, jina, kampuni ya jeshi ya wachimba mahandaki na tarehe ya kifo. Basi. Mawe ya Waingereza walio jirani naye mengi yana maneno ya mama au mjane, lakini serikali ya New Zealand haikuruhusu familia kuongeza neno. Ukisoma jiwe lile utadhani marehemu alizaliwa New Zealand.

Hapana. Alikuwa mtu wa Cornwall, Uingereza. Bei ya shaba, na baadaye ya bati, ilipoporomoka, wachimbaji wa Cornwall walitawanyika kwenda Australia, Marekani, Afrika Kusini, popote penye mgodi. Huyu aliangukia Waihi, New Zealand, kwenye dhahabu. Kampuni yao iliondoka New Zealand Desemba 1915, na ilipofika Uingereza ikapelekwa mafunzoni Falmouth, na Falmouth iko Cornwall! Fikiria mtu aliyevuka bahari kutafuta riziki, anarejeshwa kwao amevaa sare ya nchi nyingine, na Machi 1916 anavushwa tena kwenda Ufaransa. Hilo liliniumiza kuliko kaburi lenyewe.

Pale Arras walianza kwa kuwawahi Wajerumani waliokuwa wakichimba upande wa pili. Kila upande ulinyamaza kusikiliza sululu za mwenzake, na aliyetangulia kulipua alimfukia mwingine. Waliookoka mlipuko waliweza kuuawa na hewa yenye sumu. Baadaye waliunganisha machimbo ya kale ya chaki chini ya mji, wakaweka umeme, maji na majiko, mpaka pakatosha kuwaficha askari zaidi ya 20,000. Alfajiri ya Aprili 9, 1917 wengi wao walitokea humo kushambulia.

Sehemu moja, Carrière Wellington, ni makumbusho tangu 2008. Unashuka kwa lifti mita 20 hivi. Nilipapasa alama za sululu ukutani nikajua hii ni mikono ya watu waliojifunza kazi tangu utotoni, maana kuta zimenyooka na dari imeachwa nene panapostahili. Askari wa kufundishwa wiki mbili hachimbi vile. Wachimbaji wale waliyapa machimbo majina ya miji ya New Zealand, Wellington, Nelson, Blenheim, wapitao wasipotee. Hakuna aliyeandika jina la Cornwall.

Mhariri, Novemba 11 ijayo gazeti lako liwape nafasi watu hawa. Na wanaotunza kumbukumbu zao, huko Ufaransa na New Zealand, nawaomba kando ya kila namba ya jeshi waweke na mahali mtu alipozaliwa na mgodi aliokuwa akifanyia kazi.

Mchimbaji mstaafu