Msiyatoboe maboksi ya spika za zamani

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi niseme na mafundi redio wetu wa Unguja na Pemba. Maboksi ya spika ya miaka ya 1970, yale mazito ya mbao yaliyokuwa yakipiga taarabu sebuleni, yanapelekwa kutengenezwa na kurudi yametobolewa tundu mbele, eti yatoe besi. Hapo ndipo besi inapokufa.

Boksi lile halikuzibwa kwa bahati mbaya. Mmarekani Edgar Villchur (1917–2011) ndiye aliyeonesha mwaka 1954, kwa spika yake ya AR-1, kwamba hewa iliyofungiwa ndani inaweza kuwa springi. Koni, yaani ile karatasi ya mbele inayotikisika, aliiacha legelege, hewa ikawa ndiyo inayoirudisha, na boksi la kuweka juu ya rafu likatoa besi iliyokuwa ikitaka kabati zima. Ukilitoboa, springi haipo tena: koni inarukaruka ovyo mpaka koili, ule waya uliozungushwa nyuma yake, igonge sumaku. Na ile pamba ya ndani msiitoe mkajazia mito. Ndiyo inayolifanya boksi lijione kubwa kuliko lilivyo.

Kinachooza hasa ni sponji ya ukingoni mwa koni. Unyevu wa kwetu hauiachi. Ukiigusa inabaki kidoleni kama masizi yaliyolowa. Kwanza pima koili kwa mita ya umeme: spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) husoma kama 6. Isiposoma kitu imeungua, usipoteze gundi yako. Ikiwa nzima, kwangua sponji kuukuu kwa wembe, futa kwa spiriti, ubandike mpya ya kipimo kile kile. Mpira wa tyubu ya baiskeli haufai, unaikaza koni. Kabla ya kubandika ukingo wa nje, fungua kifuniko cha katikati, uchomeke vipande vya karatasi ngumu baina ya koili na sumaku, pande zote nne, ukaache siku nzima. Ukiharakisha, koili itakwaruza kila ngoma inapolia.

Ukirudisha spika, ziba kingo kwa pati. Isukume koni taratibu uiachie: ikirudi polepole, boksi halivuji; ikiruka mara moja, tafuta tundu. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika zote mbili, chanya kwa chanya. Moja ikitoka nje na nyengine ikaingia ndani, waya zimepishana na besi zitauana.

Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikinyamaza msiitupe. Zungusheni kwanza kile kitufe cha nyuma ya boksi kinachopunguza na kuongeza sauti yake, huku na huku, mara ishirini. Mara nyingi ni kutu tu.

Msomaji,
Ng'ambo, Unguja